Lincoln, Wakili wa Mahakama za Matopeni

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili Abraham Lincoln alikuwa nani, naye atakujibu bila kusita kwamba alikuwa Rais wa 16 wa Marekani, aliyeongoza taifa lake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatangaza uhuru wa watumwa mwaka wa 1863, kisha akauawa kwa risasi ndani ya jumba la michezo ya kuigiza. Majibu hayo ni sahihi na yatamletea alama zake. Hata hivyo, kati ya yule mvulana wa kibanda cha magogo na yule Rais wa makamo kuna pengo la miaka 20 na ushei ambalo vitabu vyetu huliruka kana kwamba halikuwapo. Miaka hiyo Lincoln aliitumia katika majumba ya mahakama ya jimbo la Illinois, mengine yakiwa madogo kuliko darasa la shule ya kijijini. Nathubutu kusema kwamba lau jimbo hilo lingalijenga mahakama moja tu ya fahari katika mji wake mkuu na kuwaacha wakulima wajitafutie njia ya kuifikia, Lincoln tumjuaye asingalipatikana.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky. Babaye, Thomas, alikuwa mkulima na seremala asiye na elimu ya kujivunia, na mashaka yake makubwa hayakuwa ukame wala magonjwa bali hatimiliki. Ardhi ya Kentucky ilikuwa imepimwa ovyoovyo, mipaka ikaingiliana, na shamba moja likawa na wenyewe watatu wote wakiwa na karatasi mikononi. Mwaka wa 1815 Thomas alishtakiwa ili afukuzwe kwenye shamba alilolima, na mwaka uliofuata akafungasha virago na kuhamia Indiana, ambako ardhi ilipimwa na serikali kabla ya kuuzwa. Lincoln mwenyewe alikuja kuandika baadaye kuwa familia yake iliondoka Kentucky kwa sababu ya utumwa kwa kiasi fulani, lakini hasa kwa sababu ya matatizo ya hatimiliki. Mtoto yule alijua mapema, basi, kwamba mambo yanayoamuliwa mezani pa karani yaweza kumng'oa mtu kwake.

Mamaye alifariki mwaka wa 1818. Masomo yake yote ya darasani, ukiyajumlisha, hayakutimia zaidi ya mwaka mmoja hivi. Lakini alisoma kila kilichomwangukia mkononi, kikiwamo kitabu cha sheria za Indiana alichokipata kwa jirani, na wenyeji walisimulia kwamba alikuwa akitembea kwa miguu hadi kwenye mahakama za karibu kuwasikiliza mawakili wakihojiana. (Walimu wenzangu, tuzingatie hilo: chuo cha kwanza cha sheria cha Lincoln kilikuwa benchi la wasikilizaji, na halikutozwa karo.)

Mwaka wa 1830 familia ilihamia Illinois, na mwaka uliofuata kijana akajitenga na kukaa katika kijiji cha New Salem. Huko alikuwa karani wa duka, mkuu wa posta na mpima ardhi. Alichaguliwa katika bunge la jimbo mwaka wa 1834, akajisomea sheria kwa vitabu vya kuazima, na mwaka wa 1836 akapata leseni ya uwakili bila ya kupita chuo chochote. Mwezi wa Aprili 1837 akahamia Springfield. New Salem yenyewe haikudumu. Mwaka wa 1839 wilaya kubwa ya Sangamon ilimegwa zikazaliwa kaunti mpya, na makao makuu ya mojawapo, Menard, yakawekwa Petersburg, mji jirani ambao Lincoln mwenyewe alikuwa amepima viwanja vyake. Mahakama ikawa Petersburg, posta ilikuwa imekwisha kuhamia huko, na kufikia mwaka wa 1840 New Salem ilikuwa mahame.

Msomaji wa leo huenda akastaajabu kwamba jumba la mahakama laweza kuua kijiji. Lakini tukumbuke jumba lile lilikuwa nini. Hapo ndipo hati za mashamba zilipoandikishwa, leseni za ndoa zilipotolewa, mirathi ilipogawanywa, na wadeni na wadai walipokutana. Katika nchi isiyo na barabara za lami wala madaraja, ambamo mvua ya siku moja iliugeuza mbuga mzima kuwa kinamasi, umbali wa kufika kwenye jumba hilo ndio uliokuwa kipimo cha haki yako. Ndiyo sababu walowezi waliliandikia bunge maombi chungu nzima wakitaka kaunti zao zigawanywe, na miji ikagombea makao makuu kama mafahali wagombeavyo kisima.

Kaunti ya Logan yatosha kuwa mfano. Ilipoundwa mwaka wa 1839 mahakama yake iliwekwa Postville. Mwaka wa 1848 ikahamishiwa Mount Pulaski, ambako wananchi walijenga jumba la matofali la ghorofa mbili. Halafu reli ikaja, ikapita kando, na mwaka wa 1853 mji mpya ukapimwa kandokando ya reli hiyo ili uwe makao makuu ya tatu. Wakili aliyeshughulikia karatasi za kuuanzisha alikuwa Lincoln, na wenye mji wakauita kwa jina lake, yeye akiwa bado wakili wa mikoani asiyejulikana nje ya jimbo. Mount Pulaski ikabaki na jumba tupu. Jumba hilo lingali limesimama hadi sasa, nalo ni moja kati ya mahakama mbili tu za mzunguko wake ambazo hazikubomolewa wala kuhamishwa. La pili liko Metamora, lililojengwa mwaka wa 1845. Lile la Postville lilinunuliwa na tajiri wa magari Henry Ford mwaka wa 1929, likabebwa vipandevipande hadi Michigan, na wenyeji wakalazimika kujijengea mfano wake mwaka wa 1953.

Sasa, kuwa na jumba ni jambo moja, na kuwa na jaji ndani yake ni jambo jingine. Illinois haikuwa na fedha za kumweka jaji katika kila kaunti. Ikazigawanya kaunti katika mizunguko, kila mzunguko ukawa na jaji mmoja, na jaji huyo akapewa wajibu wa kuzizuru kaunti zake zote mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa majani kupukutika. Springfield iliangukia Mzunguko wa Nane. Mzunguko huo ulipofikia upeo wake, kabla ya kupunguzwa mwaka wa 1853, ulikuwa na kaunti 14 na eneo la kilomita za mraba zipatazo 28,000, yaani karibu moja kwa tano ya jimbo zima na zaidi ya nchi yote ya Rwanda. Safari ya kuuzunguka ilikuwa ya kilomita zaidi ya 600 na ilichukua takribani miezi mitatu.

Jaji aliongozana na msafara wa mawakili. Wengi walikwenda hadi kaunti mbili tatu zilizo karibu na kwao, kisha wakarudi nyumbani. Lincoln alikuwa miongoni mwa wachache waliozunguka mzunguko wote, msimu baada ya msimu, kwa farasi na baadaye kwa kigari cha kukokotwa. Kuanzia mwaka wa 1848 jaji wao alikuwa David Davis, mtu wa miraba minne mwenye uzito wa zaidi ya kilo 130, aliyehitaji farasi wawili kukivuta kigari chake. Walivuka mito isiyo na madaraja na kulala katika nyumba za wageni zenye kunguni, mawakili wawiliwawili kitanda kimoja. Davis pekee, kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa, alipewa kitanda chake peke yake. Mezani walikula pamoja jaji, wakili, shahidi, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana na mwenye kuuza farasi.

Walipowasili mjini, ilikuwa siku ya sherehe. Wakulima walikwisha kuja na wake zao na vikapu vya chakula, wenye kesi na wasio na kesi, kwani katika mwaka mzima hakukuwa na tamasha lililoshinda kikao cha mahakama. Mteja alimshika wakili wake uani asubuhi, akamweleza habari ya nguruwe waliokula mahindi au ya jirani aliyemwita mkewe mwizi, na mchana kesi ikasikilizwa. Ujira ulikuwa dola tano, kumi, mara nyingine 20. Juri iliketi, nayo ilikuwa raia 12 waliochukuliwa kutoka umati uleule, na wakili aliyezungumza Kilatini mbele ya wakulima hao alijichongea mwenyewe. Lincoln alijifunza humo kulivua jambo maganda yake yote hadi likabaki kiini, na kukisema kiini hicho kwa maneno ambayo mtu asiyejua kusoma angeweza kwenda nayo nyumbani. Wanaoshangaa alikoupata ufasaha ule wa hotuba zake fupi za urais wasiende mbali kuutafuta. Yeye na washirika wake watatu, mmoja baada ya mwingine, walishughulikia kesi zaidi ya 5,000, na nyingi mno zilikuwa za madeni.

Isitoshe, mahakama iliyo karibu na watu husikia pumzi za watu. Mwaka wa 1857 bibi kizee mmoja, Melissa Goings, alishtakiwa Metamora kwa kumwua mumewe kwa kipande cha kuni. Mji mzima ulimfahamu mume huyo kwa ukatili wake. Lincoln aliomba nafasi ya kuzungumza na mteja wake. Mazungumzo yakaisha, bibi hakuonekana tena. Wenyeji wamesimulia tangu hapo kwamba bibi aliuliza wapi pangepatikana maji ya kunywa, naye wakili akamweleza kwamba jimbo la Tennessee lina maji mazuri. Kama ni kweli, wakili alivunja maadili ya kazi yake. Lililo hakika ni kwamba serikali haikumfuata yule bibi kwa bidii, na kesi dhidi ya waliomdhamini ikaachwa.

Hapa kwetu hoja hii si ngeni. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada yoyote isiwe ya kumzuia. Mwalimu aliyewahi kufundisha kaskazini mwa nchi anajua maana ya shahidi kulala njiani siku mbili ili aseme maneno ya dakika kumi, na anajua pia kwa nini watu hufurahi wanapoliona gari la mahakama likiwafuata. Jaji Davis angeielewa furaha hiyo mara moja.

Lakini nisije nikampaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukaribu wa mlango si sawa na mlango kuwa wazi, na katika Illinois ya siku hizo mlango ulikuwa wazi kwa baadhi tu. Jimbo lilijiita huru, ilhali sheria zake zilimkataza mtu Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Mtu Mweusi angeweza kuishi mita mia moja kutoka kwenye jumba la mahakama, akaibiwa na Mzungu mbele ya ngazi zake, na ushahidi wake usipokelewe. Sheria hizo hazikufutwa hadi mwaka wa 1865.

Katika suala hilo rekodi ya Lincoln ina pande mbili, na walimu wa historia hawana budi kuzifundisha zote. Kulikuwa na mwanamke Mweusi aliyeitwa Nance, mkazi wa kaunti ya Tazewell, ambaye tangu miaka ya 1820 alijaribu kudai uhuru wake mahakamani akashindwa. Mtu mmoja, David Bailey, alikuwa amemnunua kwa hati ya ahadi ya kulipa, na muuzaji akaahidi kuleta uthibitisho kwamba Nance alikuwa mtumwa kisheria. Uthibitisho haukuletwa. Warithi wa muuzaji walipodai fedha, Bailey alishindwa katika mahakama ya kaunti, na Lincoln akaipeleka rufani yake mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo mwaka wa 1841. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika Illinois kila mtu, awe wa rangi gani, huhesabiwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu huru hauziki. Mahakama ikakubali, deni likafa. Nance hakuwa mteja wa Lincoln, wala jina lake halikuwamo katika anwani ya kesi, lakini uhuru wake ukasimama juu ya uamuzi huo.

Miaka sita baadaye, Oktoba 1847, Lincoln alikuwa katika mji wa Charleston, kaunti ya Coles. Robert Matson, mwenye mashamba wa Kentucky, alikuwa na desturi ya kuwaleta watumwa wake kulima shamba lake la Illinois. Jane Bryant na watoto wake wanne walihofu kuuzwa, wakakimbilia kwa wapinzani wa utumwa, kisha wakatiwa korokoroni. Mawakili wao wakaomba ile amri kongwe ya sheria ambayo humlazimu amshikaye mtu kumleta mbele ya jaji na kueleza kwa haki gani anamshika. Lincoln alisimama upande gani? Upande wa Matson. Waandishi wengi wa maisha yake wamejaribu kumtetea, wakisema wakili hachagui mteja, au kwamba alitetea kwa ulegevu makusudi. Mimi siyakubali maelezo hayo. Alikubali kazi, akaifanya, na kwa bahati njema akashindwa. Majaji waliamua kwamba Matson, kwa kuwaweka watu wale Illinois, alikuwa amewafanya huru. Jane Bryant alitoka mahakamani na watoto wake kwa sababu kulikuwa na mahakama katika mji ule, majaji wake wakawasili, na amri ile ikatolewa.

Kesi yake mashuhuri kuliko zote ilisikilizwa Beardstown mwezi wa Mei 1858. Kijana Duff Armstrong alishtakiwa kwa mauaji yaliyotendeka usiku, na shahidi mkuu akaapa kwamba aliona kila kitu kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu. Lincoln alimwacha arudie maneno hayo mara kadhaa, kisha akafungua kalenda ya mwaka inayoonyesha mwendo wa mwezi, ambamo ilidhihirika kuwa saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa ukikaribia kutua. Armstrong akaachiliwa. Lincoln hakutoza senti, kwani wazazi wa kijana huyo walimlisha na kumpa malazi enzi za ufukara wake kule New Salem.

Kufikia wakati huo njia za zamani zilikuwa zikifa. Reli zilimwezesha wakili kwenda na kurudi kwa siku moja, na Mzunguko wa Nane ukapunguzwa hadi kaunti tano mwaka wa 1857. Lincoln mwenyewe alizitetea kampuni za reli na kulipwa vizuri. Lakini urafiki uliofungwa matopeni haukufunguka. Chama chake kilipokutana Chicago mwezi wa Mei 1860 kumteua mgombea wa urais, aliyeongoza kampeni yake alikuwa Jaji Davis, na waliomsaidia ni mawakili wale wale waliolala wawiliwawili kitanda kimoja. Miaka miwili baadaye Rais Lincoln alimteua Davis kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani.

Ndipo likaja jambo ambalo hadi leo huwasumbua wanasheria. Vita vilipozuka mwaka wa 1861, Lincoln alisimamisha ile amri iliyomwokoa Jane Bryant. Jeshi likaweza kumkamata raia na kumzuia bila ya kumleta mbele ya jaji, na raia wengine wakahukumiwa na mahakama za kijeshi. Rais alijitetea kwamba Katiba inaruhusu hilo wakati wa uasi, na kwamba taifa lilikuwa hatarini. Mmoja wa waliokumbwa alikuwa Lambdin Milligan wa Indiana, jimbo lile lile alikolelewa Lincoln, aliyehukumiwa kifo na baraza la wanajeshi. Kesi yake ilipofika Mahakama Kuu Kabisa mwaka wa 1866, Lincoln alikuwa amekwisha kuuawa, Aprili 1865. Aliyeandika uamuzi alikuwa David Davis. Aliamua kwamba mahali ambapo milango ya mahakama za kiraia iko wazi na zinafanya kazi, jeshi halina mamlaka ya kumhukumu raia, hata wakati wa vita. Huko Indiana milango ilikuwa wazi. Milligan alikuwa amekwisha kuachiliwa.

Davis alikuwa na kazi nyingine moja ya kumfanyia rafikiye. Lincoln, aliyewaandikia wengine wasia na kugombania mirathi yao katika mahakama kadha wa kadha, alikufa bila ya kuacha wasia wake mwenyewe. Davis akawa msimamizi wa mali yake, zaidi ya dola 110,000, akaigawa sawasawa kwa mjane na wana wawili waliosalia, na Novemba 1867 hesabu ikafungwa katika mahakama ya kaunti ya Sangamon, mjini Springfield.